Bibi Aliyekagua Hesabu za Safari ya Angani



Msimu wa pamba ukifika, nenda ukaketi karibu na ghala la chama cha ushirika, utaona jambo hili. Mkulima ameleta magunia yake. Mzani umesema, karani ameandika kitabuni, amezidisha kilo kwa bei, ametoa makato, kisha ampa mkulima stakabadhi yake. Mkulima mwenye busara haendi dukani mara moja. Huketi kwanza chini ya mti pamoja na mwanawe wa darasa la sita, akamwambia, "Haya mwanangu, piga hesabu hii upya." Si kwamba amemwita karani mwizi. Ni kwamba jasho la mwaka mzima limo katika kikaratasi kile, na kosa la tarakimu moja laweza kumeza magunia mawili.

Leo nataka kukusimulia juu ya hesabu nyingine iliyopigwa upya vivyo hivyo, namba kwa namba. Mliomo humo si pamba, bali uhai wa mtu mmoja aliyekuwa karibu kurushwa juu kuliko mawingu yote. Na aliyeombwa kuipiga upya alikuwa mama wa mabinti watatu, aliyepata kuwa mwalimu wa shule, mzaliwa wa mji mdogo wa milimani.

Kazi ilianza zamani

Watu wengi hudhani kwamba wazungu waliamka asubuhi moja, wakajenga roketi, wakaruka. Sivyo kabisa. Kabla ya mtu kuruka ilipita miaka mingi ya kalamu na karatasi.

Huko Urusi alikuwako mwalimu mmoja, jina lake Konstantin Tsiolkovsky, aliyezaliwa mwaka 1857. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi aliugua sana, akapona, lakini masikio yake hayakusikia tena vizuri. Shule ikamshinda kwa sababu ya uziwi, basi akajifundisha mwenyewe kwa vitabu, hata akawa mwalimu wa hesabu katika mji wa Kaluga. Mwaka 1903 alichapisha maandishi ya kuonyesha kwa hesabu kwamba roketi yaweza kutoka duniani na kusafiri mahali pasipo hewa. Yeye mwenyewe hakurusha roketi hata moja. Alifariki mwaka 1935, lakini hesabu zake zilibaki.

Huko Marekani, Bwana Robert Goddard alirusha roketi ya kwanza ya mafuta ya majimaji tarehe 16 Machi 1926. Wajua ilikwenda wapi? Ilipanda mita 12 tu na nusu, ikaruka kwa sekunde mbili na nusu, ikaanguka katika shamba la kabichi. Labda mpita njia angecheka. Lakini roketi zote kubwa zilizofuata ni wajukuu wa ile ya kabichini.

Baadaye vikaja vita vya mwaka 1939 hata 1945, na Wajerumani wakazifanya roketi kuwa silaha za kuua watu mijini. Wafungwa wengi walikufa katika kazi ya kuziunda. Hilo nalo yafaa tulijue, maana elimu ile ile yaweza kujenga na yaweza kubomoa.

Vita vilipokwisha, mataifa mawili makubwa, Urusi na Marekani, yakaanza kushindana. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, tufe la madini lenye upana wa sentimita 58 na uzito wa kilo 83 na ziada, likaizunguka dunia yote. Mwezi uliofuata walimpeleka mbwa jike aitwaye Laika. Maskini yule mbwa hakurudi. Alikufa kwa joto saa chache tu baada ya kuondoka. Kisha tarehe 12 Aprili 1961 akaruka mtu wa kwanza, Yuri Gagarin, mtoto wa seremala wa kijijini. Aliizunguka dunia mara moja, akarudi salama baada ya dakika 108.

Roketi iliyopanda sentimita kumi

Wamarekani waliona wameachwa nyuma. Walikuwa wamechagua marubani saba mwaka 1959, na kazi yao yote waliiita Mercury. Lakini kila walipojaribu waliona kasoro mpya.

Mwezi wa Julai 1960 walijaribu roketi kubwa iitwayo Atlas, bila mtu ndani. Baada ya dakika moja hivi ikapasuka. Tarehe 21 Novemba 1960 walijaribu roketi nyingine iitwayo Redstone. Moto ukawaka, roketi ikapanda sentimita kumi hivi, kisha injini ikazimika, ikakaa tena mahali pake kama kuku juu ya mayai. Kijiroketi cha kumwokoa rubani kikachomoka peke yake kikaenda zake juu, na mwavuli wa kushukia ukatoka kileleni ukaning'inia. Hakuna aliyethubutu kuikaribia, maana tangi lilijaa mafuta. Ilibidi wangoje mpaka kesho yake.

Sababu ilikuwa nini? Nyaya mbili za umeme zilizotoka roketini kuingia ardhini zilichomoka kwa kufuatana vibaya. Moja ilichelewa kuliko nyingine kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ndogo kuliko kupepesa jicho. Mashine ikadhani kazi imekwisha, ikazima injini. Jambo dogo kama hilo!

Hawakuficha aibu ile, bali walitafuta sababu, wakatengeneza, wakajaribu tena. Januari 1961 wakampeleka sokwe aitwaye Ham, aliyetoka katika misitu ya Kameruni. Alipanda juu zaidi ya walivyokusudia, na chombo chake kikaingia maji baharini, lakini yeye alitolewa mzima. Aprili 1961 Atlas nyingine ilikataa kugeuka kufuata njia yake, ikabidi wailipue kwa makusudi isije ikaangukia watu. Tarehe 5 Mei 1961 rubani Alan Shepard akaruka kwa Redstone, akapanda na kushuka kwa muda wa dakika 15 tu.

Sasa ikabaki kazi kubwa zaidi, yaani kumtia mtu juu ya Atlas, roketi ile iliyokwisha kupasuka, aizunguke dunia kisha ashuke mahali palipochaguliwa. Rubani aliyechaguliwa ni John Glenn, mwenye umri wa miaka 40.

Kwa nini hesabu

Labda utauliza, "Roketi ni kazi ya mafundi wa chuma na mafuta, hesabu zaingiaje?" Nisikilize.

Kijana amesimama nyuma ya lori liendalo mbio. Ameagizwa amtupie bibi yake mfuko wa chumvi uani. Akingoja mpaka lori lifike mlangoni kwa bibi, mfuko utaangukia kwa jirani wa tatu. Yampasa auachie mapema. Mapema kiasi gani? Hiyo ni hesabu, naye akikosea kidogo, bibi atakula mboga bila chumvi.

Sasa fikiri kwamba lori hilo lakwenda kilomita 28,000 kwa saa. Maana yake kuchelewa sekunde moja tu ni kupita kilomita karibu 8. Tena fikiri kwamba nyumba ya bibi nayo haikai, yazunguka. Ndivyo dunia ilivyo. Glenn alitarajiwa kuizunguka kila baada ya dakika 88 na nusu hivi, na katika muda huo dunia chini yake, hapa penye ikweta, yageuka zaidi ya kilomita 2,400. Basi rubani akirudi mahali pa kwanza, chini yake si pale tena.

Tena kuna jambo la joto. Chombo kikiingia hewani kwa mwendo ule, msuguano na mgandamizo wa hewa huleta joto kali la kuyeyusha chuma. Kikiingia kwa mteremko mkali mno, huungua. Hesabu ndiyo iliyotoa njia nzima: roketi ielekee wapi, izime lini, vijiroketi vya kupunguza mwendo viwashwe wapi, na meli zingoje katika bahari ipi. Makosa yake hayawezi kufutwa kwa kifutio mtu akiwa juu.

Baba aliyehama

Mwanamke ninayemsimulia aliitwa Katherine Coleman. Alizaliwa tarehe 26 Agosti 1918 katika mji mdogo wa White Sulphur Springs, jimbo la West Virginia, Marekani. Alikuwa wa mwisho katika watoto wanne. Mama yake alikuwa amefundisha shule. Baba yake, Joshua, alikuwa mkulima na mpasua mbao, naye aliishia darasa la sita tu. Lakini alikuwa na kichwa cha hesabu: aliweza kuutazama mti uliosimama akasema utatoa mbao ngapi.

Katherine tangu mdogo alipenda kuhesabu. Alihesabu hatua za kwenda barabarani, alihesabu sahani na vijiko alipoviosha, alihesabu kila kitu kilichohesabika.

Wao walikuwa watu weusi, na katika jimbo lile siku zile watoto weusi walisoma mbali na wazungu. Mjini kwao shule ya watoto weusi iliishia darasa la nane. Baba angaliweza kusema, "Basi, imetosha. Msichana huyu atajua kusoma na kuandika, aje ashike jembe." Hakusema hivyo. Alitafuta mahali penye shule ya sekondari, akakuta ni Institute, kilomita karibu 200 kutoka kwao. Akapangisha nyumba huko, mama akahamia pamoja na watoto wote wanne wakati wa masomo, na yeye baba akabaki nyuma kufanya kazi ili ada na chakula vipatikane. Wakati wa likizo walirudi nyumbani. Ndivyo walivyoishi mwaka baada ya mwaka.

Mpendwa msomaji, hebu upime mwenyewe mzigo huo: nyumba mbili, mshahara mdogo, mke mbali.  Hakuna aliyejua siku zile kwamba watu wataruka angani, wala baba huyo hakufikiri jambo la namna hiyo. Alijua tu kwamba mtoto anayehesabu sahani anastahili mwalimu.

Katherine aliingia sekondari akiwa na miaka kumi, akaimaliza akiwa na kumi na minne. Chuoni alimkuta mwalimu mweusi wa hesabu, Bwana William Claytor, mtu mwenye shahada ya juu kabisa. Claytor alimwambia kwamba angefaa kuwa bingwa wa utafiti wa hesabu, naye atamtayarisha. Katherine akamwuliza kazi ya namna hiyo ataipata wapi, kwani hakupata kumwona mtu mweusi, tena mwanamke, akiifanya. Mwalimu akamjibu kwamba hilo ni juu yake mwenyewe kulitafuta. Kisha akatunga somo zima la hesabu za maumbo katika anga, na mwanafunzi darasani alikuwa mmoja tu, Katherine.

Alihitimu mwaka 1937, umri miaka 18. Kazi aliyoipata ilikuwa kufundisha shule. Akaolewa, akazaa mabinti watatu, miaka ikapita. Mtu angesema somo lile la Bwana Claytor lilikuwa kazi bure.

Kazi huko Langley

Mwaka 1952 alisikia kwa jamaa zake kwamba huko Langley, jimbo la Virginia, shirika la serikali linalochunguza ndege laandika wanawake weusi wenye kujua hesabu. Mwaka 1953 alianza kazi. Siku hizo mashine kubwa za hesabu zilikuwa haba, na neno kompyuta lilikuwa jina la mtu, yaani mpiga hesabu. Wanawake weusi walikaa chumba chao mbali, chini ya Bibi Dorothy Vaughan, na penye chakula waliwekewa meza yao na vyoo vyao. Mambo hayo ya kutenga watu yaliondolewa huko mwaka 1958, shirika lile lilipogeuzwa kuwa NASA.

Desemba 1956 mume wake alifariki kwa ugonjwa wa kichwani. Katherine akabaki mjane na watoto watatu. Aliendelea na kazi. Mwaka 1959 aliolewa tena, na tangu hapo akajulikana kwa jina la Katherine Johnson.

Alikuwa na tabia moja, kuuliza. Akipewa namba za kujumlisha, aliuliza ni za nini na zimetoka wapi. Mafundi walipokuwa na mikutano yao alitaka kuhudhuria, maana huko ndiko hesabu zilikozaliwa. Wakamwambia wanawake hawahudhurii. Akauliza kama kuna sheria inayokataza. Haikuwako. Basi wakamwacha aingie.

Mwaka 1960 yeye na fundi mmoja aitwaye Ted Skopinski walitoa taarifa iliyoonyesha jinsi ya kukadiria njia ya chombo ili kipite juu ya mahali maalumu palipochaguliwa duniani. Ndiyo hesabu ya chumvi ya bibi, msomaji. Katika sehemu yake ya kazi hakuna mwanamke aliyekuwa amepata kuandikwa jina juu ya taarifa kabla yake. Hata njia ya Shepard mwaka 1961 aliihesabu yeye.

"Ikiwa yeye asema ni sawa"

Ikafika zamu ya Glenn. Safari hii njia ilihesabiwa na kompyuta za mashine, mpya na za mwendo mkubwa. Lakini mashine zile siku hizo zilikuwa na tabia ya kuzimika na kukosea, na marubani hawakuziamini sana. Glenn alikuwa mtu mwangalifu. Akawaambia mafundi wamwite yule mwanamke, azipige upya zile hesabu. Ikiwa yeye asema ni sawa, alisema, basi mimi niko tayari kwenda.

Katherine akaketi mezani kwake na mashine yake ndogo ya kubonyeza. Akachukua kanuni zile zile zilizotiwa katika kompyuta, akazifuata mwenyewe hatua kwa hatua. Ilimchukua zaidi ya siku moja. Alijua wazi kwamba akipitisha kosa, kuna mke na watoto wawili watakaomlilia Bwana Glenn. Namba zake zikalingana na za mashine. Akasema ni sawa.

Hata hapo haikuwa haraka. Tarehe 27 Januari 1962 Glenn alilala chomboni kwa muda wa saa tano na zaidi akingoja, kisha mawingu yakazidi, akashushwa. Siku zikaahirishwa tena na tena. Mwisho, asubuhi ya tarehe 20 Februari 1962, Atlas ikawaka, naye akapanda ndani ya chombo kilichoitwa Friendship 7, maana yake Urafiki.

Chini yake duniani vilisambazwa vituo 18 vya kumsikiliza, viwili kati yake juu ya meli. Kimoja kilikuwa Kano huko Nijeria, na cha pili yake upande wa mashariki kilikuwa kwetu Unguja. Mitambo yake ilizua ubishi mwingi wa siasa kisiwani, wengine wakishuku kwamba ni ya silaha, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kikaondolewa. Lakini siku ile ya Februari, Glenn alipopita juu ya Afrika ya Mashariki kwa dakika chache, alizungumza na watu waliokuwa Unguja. Alipofika Australia gizani, watu wa mji wa Perth walikuwa wamewasha taa zao zote ili azione, akaziona, akawashukuru.

Alipokwisha kuzunguka mara moja, mtambo wa kukinyosha chombo ukaanza kuharibika. Akashika usukani kwa mkono wake. Kisha ikaja habari mbaya zaidi. Huku chini taa moja ilionyesha kwamba ngao ya kuzuia joto imelegea. Kama ni kweli, Glenn angeungua wakati wa kushuka. Juu ya ngao ile vilifungwa kwa mikanda vijiroketi vya kupunguza mwendo, ambavyo kwa kawaida hutupwa baada ya kazi yake. Wakubwa wakashauriana, wakamwambia asivitupe, huenda mikanda ile ikaishikilia ngao.

Glenn akashuka. Aliona vipande vya moto vikipita dirishani, hakujua kama ni vya vijiroketi au vya ngao yenyewe. Kwa dakika kadhaa moto ulikata sauti ya redio, na huku chini hakuna aliyejua kama yu hai. Kisha sauti yake ikasikika. Alianguka katika bahari ya Atlantiki baada ya saa 4 na dakika 55, ameizunguka dunia mara tatu. Ngao ilikuwa nzima. Kilichokosea ni kile kidude cha kutoa habari.

Jambo moja zaidi nitakuambia, maana si haki kusimulia ushindi peke yake. Glenn aliangukia kilomita zipatazo 64 kabla ya mahali palipokusudiwa, ijapokuwa meli ya Noa haikuwa mbali, ikamwokota upesi. Kwa nini? Katika kukadiria kushuka kwake, wapangaji hawakutia uzito uliopungua kwa sababu ya vitu vilivyotumika njiani. Chombo kilikuwa chepesi kuliko kilivyoandikwa. Ndivyo hesabu ilivyo: hukupa haki ya yale uliyoyatia, lakini ulilolisahau haliombi ruhusa.

Sisi na daftari letu

Bibi Katherine aliendelea na kazi. Alisaidia hesabu za safari za mwezini, ambako watu walitua tarehe 20 Julai 1969. Alistaafu mwaka 1986, baada ya miaka 33. Miaka mingi watu wengi hawakulijua jina lake. Mwaka 2015, akiwa na miaka 97, Rais wa Marekani alimvika nishani ya juu kabisa ya raia. Alifariki tarehe 24 Februari 2020, umri miaka 101. Bwana Glenn alikwisha kumtangulia mwaka 2016.

Basi, msomaji, turudi ghalani. Jambo lililonigusa katika habari hii ni kwamba walioziweka zile kompyuta hawakukasirika hesabu zao zilipokaguliwa. Hawakusema, "Mwanamke huyu ni nani hata atupime sisi?" Karani mwaminifu hafichi kitabu chake. Ukimwona karani, au mweka hazina wa chama, au hata baba wa nyumba, anayepandwa na hasira kwa sababu ameombwa kuonyesha jumla, ujue pana tarakimu asiyotaka ionekane. Na wewe unayekagua, kagua kwa adabu, si kwa kelele.

La pili ni la wazazi. Kila mwaka, mtihani ukipita na ada ikitakiwa, kuna nyumba vijijini mwetu ambamo watu huketi usiku wakaulizana ni mtoto yupi aendelee. Mara nyingi anayeachwa ni msichana. Husemwa ataolewa tu, ni hasara. Sikatai kwamba fedha ni ngumu. Mwenye kuuza debe tatu za mahindi hawezi kulipa kama mwenye ng'ombe mia. Lakini kabla hamjasema neno la mwisho, fanyeni hesabu hiyo upya, mara ya pili, kwa mkono. Je, mmetia kila kitu? Mmeutia uwezo wa mtoto mwenyewe, au mmeandika tu kwamba ni msichana? Joshua Coleman wa darasa la sita alipiga hesabu yake akaona nyumba mbili zawezekana. Hakuwa tajiri, wala hakuona mwisho wake ulikuwa nini.

Usiku wa leo, ukisikia mtoto anahesabu vikombe anavyoviosha, usimwambie anyamaze. Mwulize ni vingapi. Kisha umwulize, ukivunjika kimoja na kununuliwa vitatu, vitakuwa vingapi. Akijibu sawa mara tatu mfululizo, kesho nenda ukazungumze na mwalimu wake.

Tuonane juma lijalo.